Kitasa cha Umeme na Kamba ya Katani

Kilosa, Jumamosi jioni

Mwanangu Sikudhani,

Fundi Athumani amesema leo baada ya sala ya adhuhuri kwamba vitasa vyote viwili vya pikapu vimefaulu, cha kulia na cha kushoto, na kwamba hana la kuongeza isipokuwa matusi. Matusi aliyaongeza papo hapo. Hayakuhusu umeme, kwa hiyo siyaandiki.

Nimekwenda kuhakikisha mwenyewe. Nimekaa kwenye usukani, nikabonyeza swichi ya ndani kwa goti, kitasa kikalia na mlango ukafunguka. Nimeshuka, nikaufunga kwa nyonga, nikabonyeza swichi ya nje kwa kiwiko, ukafunguka tena. Wakati huo wewe ulikuwa kwa shangazi yako ukisukwa nywele, ndiyo maana nakupa habari hii kwa maandishi.

Mambo ya sabuni, chandarua na nani wa kumwamini ndani ya treni, shangazi yako amekwisha kukueleza kupita kiasi. Mimi nataka kukuambia habari ya mlango tangu mwanzo wake, kwa sababu wewe unaijua kuanzia katikati.

Unajua kwamba pikapu ilikuwa ya Mgiriki, meneja wa shamba la mkonge nililozaliwa ndani ya kambi yake. Unajua pia kwamba korona, ile mashine ya kuchuna majani ya mkonge, ilinichukua vidole vitatu vya mkono wa kulia. Nisichowahi kukuambia ni kazi niliyopewa nilipotoka hospitali. Nilikuwa mfungua mlango. Gari la bwana likiingia uwanjani nakimbia, nafungua, nasimama kando, nafunga. Likitaka kutoka, hivyo hivyo. Nilifanya hivyo miaka mingi na sikuwahi kuketi ndani yake hata mara moja.

Mwanzoni Mgiriki alikuwa akisema asante. Baadaye akaacha. Baadaye zaidi akawa hagusi kitasa kabisa. Siku moja nilikwenda msalani nyuma ya ghala la marobota. Niliporudi nilimkuta bado amekaa garini, jua la saa saba limemchoma mpaka shingo imekuwa nyekundu, mikono yake miwili mizima imelala mapajani. Mlango haukuwa na ubovu wowote.

"Ulikuwa wapi?" aliniuliza kwa ukali.

Hakuwa mtu mbaya. Alinipa ruhusa ya kwenda kujifunza kusoma jioni kwa wamisionari, na bila kusoma nisingeandikia gazeti hata habari moja. Alikuwa amezoea tu. Nilimcheka kambini kwa muda mrefu, nikiigiza alivyokaa, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kumbuka hilo, maana linanirudia.

Alipoondoka nchini aliiuza pikapu. Injini ilikuwa ikikohoa na hakuna aliyeitaka, nikaichukua mimi. Wewe ulikuwa mdogo. Tulianza kubeba vitunguu vya Lumuma, mpunga wa watu wa Kisanga, abiria wa Zombo na Mikumi, na mimi nikiandika habari nilizozikuta njiani. Kisha baridi yabisi ikaingia mkono wa kushoto, ule uliokuwa umebaki mzima. Usukani naweza kuuzungusha kwa viganja, gia naisukuma kwa kifundo, lakini kitasa kinataka vidole vinavyominya, navyo sina.

Hakuna aliyekuagiza. Siku moja tu uliteremka upande wako, ukazunguka mbele ya gari mbio, ukanifungulia. Ulikuwa na furaha ya mtoto aliyegundua kitu cha maana cha kufanya. Kesho yake ukafanya tena. Ukaota maziwa, ukamaliza shule, bado ukizunguka mbele ya gari. Nami nilikaa nikikungoja, mikono mapajani.

Mwaka jana ilipokuja barua ya shule ya wauguzi, uliisoma, ukaikunja, ukaiweka chini ya godoro.

"Nani atakufungulia mlango, Baba?"

Nilikujibu, "Shauri lako, mwanangu." Nilisema kwa sauti ya mtu anayemwachia mwenzake uhuru wake. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Nafasi ile ikaenda kwa msichana mwingine, nami sikupoteza hata usingizi wa usiku mmoja. Nimewahi kukosea tarehe, majina na vyeo vya watu gazetini, na yote hayo nilisahihisha. Hili sikulisahihisha kwa sababu hakuna aliyelalamika.

Aliyelalamika ni Athumani. Wewe unamjua kama fundi wa malori anayesema sana. Kwangu mimi yeye ni mtani kwanza, Mzaramo kwa Mnyamwezi, na utani wetu umeanza tangu babu zetu wakipita hapa na misafara. Mtani anaweza kukuambia neno ambalo ndugu yako akilisema mtapelekana barazani. Siku ile pale stesheni tuliegesha gari, ukateremka, ukazunguka. Athumani alikuwa chini ya lori la mtu, akatoa kichwa.

"We Mnyamwezi! Babu yako alibeba meno ya tembo kutoka Tabora mpaka pwani, wewe huwezi kubeba mwili wako kuutoa garini?"

"Lala huko chini, Mzaramo. Ngoma ikilia utatoka tu."

"Nitatoka. Lakini nikuulize. Mgiriki alikuwa na boi wa mlango. Wewe una binti. Tofauti iko wapi, bei?"

Wewe ulicheka, mimi nilicheka. Ulipokwenda kupeleka vifurushi ndani, sikuwa nacheka tena. Nilimwambia atoke chini ya lori, na alipotoka nilimuuliza kama kuna namna mlango unaweza kufunguka bila vidole. Kisha akasema, "Umeme unaweza. Unalisha starta izungushe injini nzima, utashindwa kuvuta ulimi wa kitasa?"

Kuanzia hapo unajua mengi, maana ulikuwapo. Ulishika bomba lile la shaba wakati yeye akizungusha waya juu yake, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka likanenepa kama kigunzi cha hindi. Uliona alivyotia kipande cha chuma katikati, akaunganisha na betri, na chuma kikaruka ndani kama panya anayeingia shimoni. Ulipiga kelele kwa furaha mpaka watu wa gulioni wakaja kutazama. Kilichobaki kilikuwa kufunga kile chuma na ulimi wa kitasa kwa kitu cha kuvutia. Athumani aliangaza kushoto na kulia, akaokota kamba ya katani. Mimi nikasema, "Hiyo hiyo." Wewe ndiye uliyeisokota ikawa imara.

Wala hatukufikiri. Hapa kwetu katani inafunga kila kitu: mizigo, milango ya mazizi, vitanda, maiti wakipelekwa kaburini. Mtu wa Kilosa akiambiwa "funga" mkono wake unakwenda kwenye katani kabla akili haijafika. Nimekulia ndani yake. Najua, kama anavyojua kila aliyefunga mbuzi kigingini, kwamba mvua ikinyesha unatoka kwenda kulegeza kamba, la sivyo itakaza mpaka mnyama ajinyonge. Katani ikilowa hufupika. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma, na halikunijia akilini.

Milango ilifunguka vizuri uwanjani kwa Athumani. Lilikuwa jua kali. Wewe ulikwenda nyumbani, ukatoa barua ya pili ya shule, ile iliyokuja mwaka huu, chini ya godoro, ukaandika kwamba utakwenda.

Sasa nafika kwenye sehemu usiyoijua. Asubuhi ya safari ile ya Mikumi, nilipoamka kulikuwa na umande mzito na manyunyu ya usiku. Nilitoka nje nikakuta mlango wa kushoto uko wazi. Nilijiambia kwamba jana yake hatukuufunga vizuri. Nikaufunga. Athumani alipita na baiskeli yake, akauona kabla sijaufunga, akasema, "Mlango wako umelala wazi kama kinywa cha Mnyamwezi kwenye arusi." Nikamrudishia neno la Wazaramo na minazi yao, tukacheka, akaenda zake. Yeye alidhani nimeufungua mwenyewe. Mimi nilidhani anatania tu.

Kuna sababu iliyonifanya nisiyape uzito maneno yake. Mwaka nilipoanza kuandikia gazeti, Athumani alinijia na uso wa huzuni, akaniambia mzee mmoja mashuhuri wa Kisanga amefariki, na kwamba watani wametakiwa wapeleke sanda. Niliandika. Ilipochapwa, mzee mwenyewe alikuja mpaka mlangoni kwangu, kwa miguu, na gazeti chini ya kwapa. Nikamwamkia. "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba. Nimesoma kwamba nimekufa, nikaona nije nikupe pole." Tangu siku ile niliapa kutochukua neno lolote la mtani kama habari. Nililishika somo lile kwa nguvu mno. Mtani hudanganya kuhusu kifo cha mtu, lakini macho yake huona mlango uliofunguka kama macho ya mtu mwingine yeyote.

Sikukuambia habari ya mlango ule kwa sababu ulikuwa umekwisha kujibu barua, na sikutaka lolote likurudishe nyuma. Nilikuwa nikiharakisha uondoke, kama vile nilivyochelewesha mwaka jana. Mara zote mbili ni mimi niliyekuwa nikiamua, na wewe ukidhani unaamua.

Tulipofika Zombo mvua ilikuwa imeshika. Bi Mwantumu alipanda na tenga lake la kuku, na kwa heshima ya umri wake ulimpisha akae upande wa mlango. Alikuwa akituambia jinsi mkwewe alivyo mvivu. Tulikuwa kwenye kona ya kulia, ile ya mteremko kabla ya daraja, kamba ndani ya mlango ikiwa imelowa chapa. Nilisikia kitasa kikilia. Hakuna aliyekuwa amegusa swichi.

Mlango uliruka wazi. Tenga lilikwenda kwanza. Bi Mwantumu alikuwa anafuata, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na wewe ulikuwa umekwisha kumkumbatia kiunoni, miguu yako miwili umeikandamiza kwenye kidirisha cha spidi mpaka kioo kikapasuka. Nilikanyaga breki taratibu, kwa sababu breki ya ghafla ingewatoa wote wawili. Gari lilisimama likiwa limeinamia mtaro. Kuku walikuwa wakitawanyika kwenye majani.

"Gari gani hili linatapika watu?" alisema Bi Mwantumu.

"Tusamehe, bibi," ulimwambia. Ulikuwa bado hujamwachia.

"Niachie basi, mjukuu wangu, nimekwisha fika ndani. Wewe bwana mwandishi, na hili liandike gazetini. Usiandike ya Bwana DC tu."

Tulikamata kuku wote isipokuwa jogoo mmoja, ambaye kwa habari nilizonazo anaishi porini kwa raha zake. Bi Mwantumu alikubali kuendelea na safari, akakaa katikati. Lakini wewe ulikaa upande wa mlango, ukaushika kwa mikono miwili njia nzima mpaka Mikumi, na tulipofika ulisema neno moja tu: "Siendi."

Sikubishana nawe. Si kwa sababu ya hekima. Nilikuwa nimemwona bibi wa watu akining'inia juu ya mtaro kwa sababu ya mlango niliouona wazi alfajiri nikanyamaza.

Athumani alipofungua mbao za ndani ya mlango, kamba ilikuwa imekaza kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa motoni. Aliigonga kwa kidole, ikalia. Alinitazama, nikamtazama. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu hatukutaniana.

"Sote tumelelewa na katani," alisema. "Tumekuwa kama samaki na maji."

Akaitoa, akaweka waya wa breki ya baiskeli, akauachia ulegevu kidogo, akashona ngozi ya tairi la ndani juu ya kitasa ili maji yasiingie. Wewe ndiye uliyeuliza, "Betri ikifa je?" Wala mimi wala yeye hatukuwa tumeliwaza. Ndipo akapitisha waya wa pili chini ya kiti, wenye pete pana ya kutosha kupitisha kifundo changu, ili nivute bila umeme. Swali lile lilikuwa bora kuliko yote niliyopata kuuliza katika kazi yangu, na nilifurahi kwamba limetoka kwako.

Kisha ukaweka masharti. Ulisema ungependa kuona gari likienda Mikumi na kurudi kwenye mvua, mimi nikiwa peke yangu, wewe ukibaki nyumbani. Nilingoja mvua. Ilipokuja nilikwenda. Njiani nilizima gari mara kadhaa, nikateremka, nikapanda, nikalowa, nikajiona kama mwendawazimu anayefanya mazoezi ya kushuka garini. Wachungaji waliokuwa wakivusha ng'ombe wao bondeni walisimama kunitazama, mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilimwambia hapana, nimekipata. Hakuelewa, na sikuwa na muda wa kumfafanulia.

Niliporudi ulikuwa umesimama uani kwenye mvua, mikono umeifunga nyuma ya mgongo. Niliona ulivyoishikilia. Mguu wako wa kulia ulipiga hatua moja kuja mbele ya gari, ukaurudisha. Nilibonyeza kwa goti, mlango ukafunguka, nikatoka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Uliingia ndani kupanga nguo zako. Nilibaki nje kidogo, si kwa sababu nilikuwa na la kufanya.

Hayo ndiyo niliyotaka uyajue. Huko uendako watu watakupenda kwa sababu unaona haja ya mtu kabla hajasema, na muuguzi asiye na macho hayo ni hasara kwa hospitali. Lakini watakuwapo watakaokaa na mikono mizima mapajani wakikungoja. Baadhi yao watakuwa wema, watakushukuru, na baadhi watakuwa wagonjwa kweli. Sijui namna ya kuwatofautisha kwa hakika. Mimi mwenyewe nilikuwa kundi gani? Vidole sina, hilo ni kweli. Na nilizoea, hilo nalo ni kweli. Ninachoweza kukuambia ni kwamba aliyenisaidia zaidi ni yule aliyetafuta njia ya mimi kufungua mwenyewe, ingawa alianza kwa kunitukana.

Na ukiuona mlango wazi alfajiri, sema. Hata kama unaona aibu, hata kama kuna jambo jema linaloweza kuharibika. Mimi nilikaribia kumuua mtu kwa sababu ya jambo jema.

Siku hizi stesheni watu wanazungumza kwa sauti ya chini kwamba nchi hii itakuja kujitawala. Nimeandika habari nyingi ambazo hazikutimia, kwa hiyo sitabiri. Ila nimeona milango mingi ikifunguliwa na watu wasiokaa ndani yake, na nadhani kizazi chenu kitauliza maswali kama lile la betri.

Ratiba ni hii. Stesheni masta amenithibitishia kwamba treni itapita kesho saa nne asubuhi. Tutatoka nyumbani saa mbili, shangazi yako akiwa katikati na wewe upande wa dirisha. Jumatatu asubuhi unaripoti kwa matroni. Jumatano mimi nina vitunguu vya kuchukua Lumuma, na Ijumaa nina abiria wa Mikumi. Likizo yako ya kwanza, kwa mujibu wa barua ya shule, ni wiki ya mwisho ya Desemba. Kabla ya hapo nisikuone Kilosa.

Baba yako